Marekebisho Madogo ya Fomu

Ujumbe ulinifikia Jumanne nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Nakuru. Mama ametuacha. Tunazika Ijumaa, nyumbani Kuresoi. Hakukuwa na salamu wala jina, lakini nilijua ni Cherono, maana tangu ujana wetu aliandika hivyo, kama mtu anayeogopa kupoteza wakati wa mwenzake. Tulikuwa hatujaandikiana kwa miaka kumi na miwili. Niliondoka kwenye foleni bila dawa niliyoijia, nikaenda kukaa ndani ya gari na madirisha yakiwa yamefungwa. Wanaonisikia nikizungumza juu ya mwaka niliofanya kazi naye na vijana wengine wa kompyuta hudhani ulikuwa mwaka wa raha, kwa sababu huwa ninasimulia sehemu za kuchekesha tu na kuruka zingine. Nimekuwa hodari wa kuruka. Hapa nitajaribu kutoruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulifanya kazi katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gurdev, mzee wa Kisikh aliyezaliwa mjini hapa hapa na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Chumba kilikuwa stoo yake ya rangi kabla hajatuachia, na harufu ya tina ya kuzimulia rangi haikuwahi kukitoka, hata tulipofungua dirisha siku nzima. Dirisha lenyewe lilitazama mabati ya majirani na kipande cha mlima Menengai. Jua la saa nane likipiga, paa lilianza kulialia juu ya vichwa vyetu. Saa nne kila asubuhi mke wa Mzee alituletea chupa ya chai yenye iliki na tangawizi, pamoja na sahani ya mabaki ya chakula cha jana yake, na alikuwa hashuki mpaka atuone tumekula. Tulikuwa wanne. Wawili walikuja na kuondoka na sitawataja zaidi. Waliobaki ni mimi na Cherono, tukikaa meza moja, magoti yakigongana, na katika maisha yangu sijawahi tena kukaa karibu na mtu kiasi kile kwa saa nyingi kiasi kile bila kuchoka naye.

Programu yetu ilikuwa fomu ya wahudumu wa afya wa vijijini, wale akina mama wa kujitolea wanaozunguka nyumba hadi nyumba wakiuliza nani ana mimba na nani ana homa. Mhudumu aliandika jina la mama mjamzito kwenye simu, akaweka alama kwenye dalili za hatari, akabonyeza Hifadhi, na papo hapo zahanati ikapata habari ili impigie mama huyo au imtumie gari. Tuliitengeneza kwa uwazi, na jambo hilo ni lazima lieleweke. Kila mstari tulioandika tuliuweka kwenye intaneti, na mtu yeyote popote angeweza kuusoma, kuuchukua bure, hata kuurekebisha. Kila badiliko lilibaki pale daima likiwa na tarehe, maelezo mafupi na jina la aliyelifanya. Tuliona fahari sana kwa uwazi huo. Tulipenda kusema kwamba hatuna cha kuficha.

Shida ilikuwa simu zenyewe. Mama mmoja alikuwa na simu aliyoachiwa na mwanawe, mwingine aliyonunua kwa mtu sokoni Molo, na kila simu ilikuja na kivinjari chake cha kufungulia kurasa za intaneti. Ukurasa uliokaa vizuri kwenye kivinjari kimoja ulipinda kwenye kingine, na kwenye cha tatu kitufe kilipotea kabisa. Hakuna mtu angeweza kukagua yote kwa mkono kila mara tulipobadilisha kitu. Kwa hiyo Cherono alikusanya simu kumi na mbili kuukuu, akazifunga kwa raba kwenye ubao wa plaiwudi aliopewa na Mzee Gurdev, akaandika programu ya kuzijaribu. Kompyuta ilifungua fomu kwenye kila simu, ikamsajili mama wa kubuni, ikabonyeza Hifadhi, kisha ikachungulia upande wa pili kuona kama habari zimefika. Zikifika, mstari wa simu hiyo ulikuwa kijani. Zisipofika, nyekundu. Mama wa kubuni tulimwita Mama Jaribio, na masikini alisajiliwa asubuhi hadi jioni, mwezi baada ya mwezi, bila kujifungua. Mzee Gurdev alikuwa akipanda ngazi na kutuuliza kwa uso wa huruma kama bado.

Sasa nieleze habari ya waru, yaani viazi. Mamake Cherono, Mama Rael, alikuwa mkulima wa viazi huko Kuresoi, na kila mwezi alitutumia gunia dogo kupitia lori la mbao lililoshuka Nakuru kutoka Elburgon. Hatukuwa na jiko. Tulichemsha viazi ndani ya birika la umeme, na maganda yake, tukavila kwa chumvi na pilipili mbichi, na nakwambia sijala tena viazi vyenye ladha ile. Lakini birika lilikuwa na kiu ya umeme. Likiwashwa, ekstensheni iliyochaji zile simu ilizubaa, simu mbili tatu zikakatika katikati ya majaribio, na orodha ya matokeo kwenye kompyuta ikawa nyekundu. Siku za kwanza tulishtuka na kutafuta kosa. Baadaye tukazoea. Nyekundu ikitokea, mmoja alisema ni waru tu, tukarudia majaribio, yakitoka kijani tukaendelea. Polepole neno hilo likahama kutoka kwa birika. Umeme ukiyumba, ni waru. Betri ikichoka, ni waru. Nyekundu yoyote ambayo hatukutaka kuifuatilia iliitwa waru, na ikirudiwa ikawa kijani ilihesabiwa kijani. Mimi ndiye niliyeamua toleo jipya litoke lini, na sikuwahi kuuliza ni nyekundu ngapi tulizokuwa tumezila kwa chumvi.

Nilimjua Mama Rael siku tulipokwenda kuwafundisha wahudumu, ndani ya kanisa la mbao lililokuwa na baridi kiasi kwamba tulifundisha tukiwa na makoti. Alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kusoma kila neno la kwenye kioo kwa kidole, na aliniuliza maswali kuliko wote. Aliuliza itakuwaje mtandao ukipotea, maana kule kwao unapatikana juu ya kilima tu, karibu na tangi la maji. Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyekula vizuri na kulala vizuri: "Mama, ukiona neno Imehifadhiwa, kazi yako imeisha. Zahanati wamepata. Usijisumbue kutembea." Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Mchana alitupikia kunde na ugali nyumbani kwake, akanipa kiti kilicho karibu na moto, na nilimsikia akimwambia jirani kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba huyu ndiye binti anayefanya kazi na Cherono wake, na kwamba wote wawili sasa ni wake.

Toleo lililoleta msiba lilitoka siku ya Alhamisi. Wakubwa wa afya walikuwa wamelisubiri na mimi nilikuwa nimewaahidi saa sita. Saa nne na nusu, simu nambari saba ilitoka nyekundu. Ilikuwa simu ndogo, yenye kile kivinjari kinachobana kurasa ili kuokoa bando, na ndicho wahudumu wengi walitumia. Nikasema ni waru, rudia. Ikatoka nyekundu tena. Cherono akaniambia, "Wairi, hata birika hatujawasha leo."

"Basi ni waru za jana," nikamjibu, na tukacheka, hata yeye. Mara ya tatu ikatoka kijani. Alisema angependa kuitazama ile simu kidogo, pengine saa moja. Nikamwambia ataitazama Jumatatu. Nikatoa toleo, nikashuka kwa Mzee Gurdev kunywa soda.

Jumatatu ya tatu baada ya hapo, Cherono alichelewa kufika, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na alipoingia hakuketi. Alinieleza akiwa amesimama na mkoba begani. Kulikuwa na msichana wa jirani yao, Faith, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Miguu ilikuwa imemvimba na kichwa kinamuuma. Mama Rael alimwandika kwenye simu, akapanda mpaka kwenye tangi la maji kutafuta mtandao, akabonyeza, akasoma neno lile kwa kidole, akateremka kumwambia Faith atulie nyumbani na simu yake iwe na chaji, zahanati watampigia. Faith alitulia siku mbili. Siku ya tatu alipoteza fahamu, wakambeba kwa pikipiki. Yeye alipona, mtoto hakupona. Zahanati walipofungua rekodi zao hawakukuta jina la Faith mahali popote. Kamati ilimwita Mama Rael mbele ya watu, akainua simu yake na kusema ilimwandikia imehifadhiwa. Akawasomea na yale maneno ya kwenye daftari lake. Hayakumsaidia. Walisema hakwenda kilimani, kwamba aliona uvivu, na sasa anasingizia mashine. Walimnyang'anya mkoba wa uhudumu pale pale, na mamake Faith akatema mate chini mbele yake. Cherono alimaliza kueleza, akasema anarudi nyumbani kwa siku chache, akashuka ngazi.

Nilibaki peke yangu na ubao wa simu. Nilichomoa birika ukutani, nikalitoa hata nje ya chumba, kisha nikaijaribu simu nambari saba peke yake, mara moja baada ya nyingine. Kijani, kijani, kijani, nyekundu. Kijani, nyekundu. Kufika adhuhuri nilikuwa nimelipata kosa. Kwenye kivinjari kile, mtandao ukikatika katika nukta ile ile ya kubonyeza, ukurasa uliandika Imehifadhiwa kabla ya kupata jibu lolote, na habari zote zikapotea. Tulikuwa tumeweka mistari miwili kinyume, ahadi ikitangulia tendo. Kurekebisha kulinichukua muda wa kunywa chai. Kisha ukafika wakati wa kuandika maelezo ya badiliko, yale ambayo kila mtu angeweza kuyasoma, na vidole vyangu vikakataa. Niliwaza juu ya wakubwa wa afya. Niliwaza kwamba mradi ungefungwa, na wahudumu wengine wote wangerudi kwenye karatasi. Hayo yalikuwa kweli, lakini kulikuwa na ukweli mwingine, kwamba niliwaza zaidi juu ya jina langu. Niliandika maneno manne: marekebisho madogo ya fomu. Nikatuma.

Wiki hiyo hiyo, kupitia sakafu, nilisikia mzozo dukani. Fundi mmoja kutoka mji wa Bahati alikuwa amerudisha mabomba ya maji yaliyopasuka. Nilitega sikio nikitarajia Mzee Gurdev atasema fundi ameyafunga vibaya, maana ndivyo kila mwenye duka husema. Badala yake nilimsikia akimwambia mfanyakazi wake ayatoe yote yaliyobaki rafuni. Na kwa siku nne zilizofuata alisimama mlangoni kwake akimwambia kila mteja anayemfahamu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kama alinunua bomba la aina ile kwake alirudishe, yeye Gurdev aliuza kitu kibaya. Mkewe alilalamika kwamba anajiaibisha. Sijui alimjibu nini, walizungumza lugha yao. Najua tu kwamba siku hizo nne nilipitia mlango wa nyuma.

Cherono aliporudi alikuwa amekonda usoni. Alikaa mezani, akafungua kompyuta. Chai ilipokuja hakuigusa. Mke wa Mzee alipoondoka, akanigeukia.

"Wairi, umeangalia kama fomu iko na shida? Mamangu hawezi danganya kitu kama hiyo."

"Nimeangalia," nikasema. "Iko sawa."

Nimeyarudia maneno hayo maelfu ya mara. Yalikuwa kweli kwa hesabu ya siku. Siku hiyo fomu ilikuwa sawa, maana nilikuwa nimeirekebisha. Nilijua mtu husema uongo kwa maneno ya uongo, lakini siku hiyo nilijifunza kwamba uongo mzuri zaidi husemwa kwa maneno ya kweli. Cherono alinitazama kwa muda, macho yake hayakuwa na hasira, akaitikia kwa kichwa. Mwisho wa mwezi aliniambia amepata kazi Eldoret. Alifungua zile raba moja moja, akapanga simu ndani ya katoni, akaandika namba zake juu kwa kalamu nzito ili atakayefuata asichanganyikiwe. Hakufuata mtu. Mradi uliendelea kwa kuchechemea hadi Desemba, ukafa kifo cha kawaida cha miradi. Miezi hiyo nilikula chakula changu peke yangu kwenye meza ya watu wawili, na kila Ijumaa nilijiambia wiki ijayo nitapanda Kuresoi nikamwone Mama Rael. Kisha nikapata kazi nyingine, nikaolewa, nikapata watoto, na safari ya mwendo wa asubuhi moja nikashindwa kuifanya kwa miaka kumi na miwili.

Ijumaa ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya kufika bomani ilikuwa tope tupu. Nilikaa safu ya nyuma ya hema. Mtu wa kanisa alisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akaolewa, akaimba kwaya, akalima, akasomesha watoto wanne. Kuhusu miaka yake tisa ya kuzunguka nyumba za watu kwenye baridi, mwaka wa mwisho na simu mkononi, hakusoma hata mstari mmoja. Waliruka mahali pale kama mimi ninavyoruka. Baada ya sala nilimkuta Cherono nyuma ya jiko, akipanga vikombe kwenye sinia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Nilimpa pole, kisha kabla ujasiri haujaniisha nikamwambia yote, simu nambari saba, ile mistari miwili, yale maneno manne.

Hakuacha kupanga vikombe. "Nilijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ile nilikuuliza nilikuwa nimeshasoma ile mistari ulibadilisha. Nilisoma nikiwa huku nyumbani, kwa simu. Hiyo kitu iko wazi, Wairi, mtu yeyote anaweza soma. Nilikuuliza ndio useme mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwa nini hakuwaambia watu.

"Niliwaambia. Nilimwambia mama, akaniamini. Nikaenda kwa kamati na simu, nikawaonyesha. Wakasema ni maneno ya kompyuta hawaelewi, na mimi natetea mzazi wangu. Wakasema kama ni kweli, mwenye alitengeneza aje aseme." Aliweka kikombe cha mwisho. "Mama alikuwa anauliza kama utakuja. Sio kwa hasira. Alikuwa tu anauliza."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alifuta mikono kwenye leso, akanionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa peke yake mwisho wa safu ya viti, sweta ya buluu, mtoto wa shule akiwa amelala mapajani mwake. Akasema yule ndiye Faith, kisha akainua sinia akaondoka.

Nilitembea hadi pale, viatu vikizama topeni, nikavuta kiti. Nilianza kwa kumwambia jina langu. Sikueleza mambo ya vivinjari. Nilimwambia kwamba Mama Rael alipanda kilimani siku ile na akabonyeza kama tulivyomfundisha, kwamba ni mimi niliyemwambia asitembee hadi zahanati, kwamba simu ilimdanganya kwa sababu ya kosa letu, kwamba nilionyeshwa kosa hilo mapema nikalicheka, na nilipolijua kwa hakika nilinyamaza. Faith alinisikiliza akiwa anamtazama mtoto. Kule mbele wanaume walikuwa wanamalizia kurudisha udongo.

"Yeye mwenyewe ulikuja ukamwambia?" akauliza.

Nikasema hapana.

Alimfunika mtoto kwa upindo wa sweta yake. Kisha akasema, taratibu, "Alikuwa ananisalimia kila Jumapili, hapo nje ya kanisa. Miaka hii yote. Ananiita kwa jina, anauliza watoto. Sijawahi muitikia hata siku moja."

Alimwamsha mtoto, akamkalisha kwenye kiti, akaniomba nimshikilie asianguke. Akaenda peke yake kupitia katikati ya watu, akasimama kando ya lile kaburi, na kutoka pale nilipokuwa niliona midomo yake ikisogea.